Tarehe Thelathini Februari

Jumatatu, 10 Februari

Nimejiaibisha. Mbele ya ofisi nzima!

Kikao kilikuwa asubuhi, chumbani kwa Mkurugenzi. Jambo moja tu mezani: madeni. Mhasibu Mkuu wetu katuhama wiki iliyopita, kapata kwingine penye mshahara mnono, na kiti chake kiko wazi. Mkurugenzi akasema hatafuti mtu wa nje. Mwisho wa mwezi atateua Kaimu kati yetu wawili: mimi, karani wa ankara, au mtunza fedha, yule bwana mwenye peni tatu mfukoni mwa shati, nyeusi, bluu na nyekundu, siku zote, hata Jumamosi. Mimi humwita Peni Tatu. Si mbele yake.

Kisha Mkurugenzi akauliza, kama kwa utani, ankara ya tarehe thelathini Januari, ikiwa mteja kapewa mwezi mmoja, atatakiwa alipe lini.

Nilitaka kumwahi Peni Tatu. Nikajibu papo hapo. Tarehe thelathini Februari!

Mtu mmoja akaanza kuchunguza kucha zake.

Peni Tatu alikohoa. Akasema kwa upole (upole wake ndio unaoniudhi) kwamba Februari hii inaishia tarehe ishirini na nane. Nikajitetea. Nikasema najua, nilikuwa napima tu kama watu wako macho. Kisha nikaongeza, na hapo ndipo mdomo uliponiponza, kwamba maswali ya namna hiyo siku hizi hayamsumbui binadamu. Ile programu mpya ya hesabu inakokotoa yenyewe! Unaipa tarehe ya ankara, unaipa masharti ya malipo, inakutolea tarehe ya mwisho ya kulipa. Kwisha. Mkurugenzi akaniuliza kama naifahamu. Nikasema naifahamu nje ndani.

Sijawahi kuifungua.

Nyumbani nimemwambia mke wangu kwamba ukaimu uko njiani. Kaka yake alifurahi kuliko yeye. Shemeji huyu yuko stoo hapo hapo kazini kwetu, anabeba masinki, na tangu mwaka jana analala kwenye kochi letu. Ameapa kwamba mshahara wa mwezi huu ukiingia tu, anahama. Chumba ameshakipata, kilichobaki ni kodi. Nimemshika mkono kwa furaha hadi akashangaa. Kochi limeshaanza kuchukua umbo lake.

Jumanne, 11 Februari

Programu nimeifungua. Masikini mimi!

Ukurasa wa kwanza tu, mwekundu. Tunauza masinki, vyoo vya kukaa, mabomba na vigae, na inaelekea tumemuuzia kila mtu na hakuna aliyelipa. Wateja wetu wengi wamepewa siku thelathini tangu tarehe ya ankara. Zikipita, mstari wa mteja unageuka mwekundu. Nilishuka chini ya ukurasa kutafuta mweupe. Nikashuka. Nikashuka. Nikaambulia michache tu, mwishoni kabisa.

Mkurugenzi akasimama nyuma yangu bila hodi. Ana viatu visivyolia, sijui anavinunua wapi. Akasema huo ndio ukurasa atakaokuwa anautazama kila Ijumaa, na anayetaka kile kiti apunguze huo wekundu. Akaenda zake. Mimi shati lilikuwa limenigandama mgongoni.

Peni Tatu kashinda na simu sikioni. Njia yake ni ya kizamani mno. Anamuuliza mteja habari za watoto, habari za mgongo, kama lile bomba la juu bado linavuja. Deni analitaja mwishoni kabisa, kama mtu aliyekumbuka mwavuli wake mlangoni. Wawili wamelipa leo leo.

Na mimi nikajaribu. Nilipigia hoteli moja inayodaiwa tangu Desemba. Bwana aliyepokea akauliza mimi nani na nimepata wapi namba yake. Sijui ilikuwaje, nikajikuta namwomba radhi. Nikamwahidi na punguzo.

Simu si fani yangu. Mimi ni mtu wa mitambo.

Alhamisi, 13 Februari

Siku kuu! Akili yangu, acha tu!

Nilipiga namba ya msaada ya wenye programu. Akapokea dada mmoja mwenye sauti ya kubembeleza. Nikamuuliza, nyekundu inaondokaje. Akacheka, akasema nyekundu inaondoka wateja wakilipa. Nikamuuliza, na kama hawakulipa? Akasema, basi, tarehe ya mwisho ya kulipa inategemea masharti yaliyowekwa kwa kila mteja. Kuna siku kadhaa tangu tarehe ya ankara. Kuna siku kadhaa kuanzia mwisho wa mwezi wa ankara. Ukibadilisha masharti, programu inakokotoa tarehe upya. Ila, akasema, masharti yawe yale mliyokubaliana na mteja. Nikasema bila shaka, bila shaka.

Hiyo ila yake sikuitilia maanani.

Chukua ankara ya tarehe kumi na mbili Desemba. Kwa siku thelathini, ilitakiwa kulipwa tarehe kumi na moja Januari. Imechelewa, nyekundu, aibu. Lakini ukisema siku sitini kuanzia mwisho wa mwezi, unaanza kuhesabu Desemba ikishakwisha, na inaangukia tarehe mosi Machi. Machi! Hajachelewa mtu! Mteja hajatoa hata senti, na tayari ni mteja mwema.

Nikabadilisha mmoja. Mstari ukawa mweupe. Moyo ukanilipuka. Nikabadilisha wa pili, wa tatu. Kisha nikakuta kijisanduku kinachosema masharti haya yatumike kwa wateja wote. Nikakiwekea alama.

Ukurasa mzima, mweupe kama shuka la hoteli. Nilikaa nikautazama tu. Kisha nikaenda msalani kunawa uso, maana roho ilikuwa juu juu, kama nimeiba kitu. Ujinga. Nimeiba nini? Tarehe?

Ijumaa, 14 Februari

Mkurugenzi alifungua ukurasa mbele ya wote. Akavua miwani. Akaivaa tena. Akauliza nyekundu iko wapi.

Nikasema nimeishughulikia.

Alinipa mkono! Akasema hangoji mwisho wa mwezi, nianze leo kukaimu, uthibitisho utafuata. Nimepewa ufunguo wa chumba cha Mhasibu Mkuu. Kina dirisha. Kina kiti kinachozunguka.

Peni Tatu peke yake hakupiga makofi. Baadaye akaja mlangoni, akagonga (kwa kweli akagonga), akauliza kwa upole hoteli ililipa lini, maana kwake haijaingia hela yoyote. Nikamwambia hayo ni mambo ya mfumo, pesa huchukua muda kuonekana. Nikamkataza na kuwapigia watu simu. Watu ambao hawajachelewa unawasumbua kwa lipi? Atatuharibia jina! Akasema haya, bosi. Bosi!

Lakini nyumbani mke wangu, badala ya kupiga vigelegele, akauliza kama hizo hela zimeingia. Nikamwambia uhasibu ni taaluma pana. Akasema yeye hauzi uhasibu, anauza vitambaa, na kwake mtu ama amelipa ama hajalipa. Shemeji akacheka, mdomo umejaa.

Sikumaliza chakula changu. Alikimalizia yeye.

Jumatatu, 17 Februari

Tangu saa nne sijagusa kazi.

Mkurugenzi aliingia chumbani kwangu akiwa mchangamfu kupindukia. Akasema tangu Ijumaa analala usingizi wa mtoto. Hakuna mteja anayechelewa, sasa ni wakati wa kupanua biashara. Kwa hiyo asubuhi hii amewalipa wenye vigae deni lote, na ametoa malipo ya awali ya shehena ya masinki ya kioo. Masinki ya kioo! Akaniuliza naonaje.

Nikasema ni uamuzi wa busara.

Alipotoka nilizunguka na kile kiti mara moja, taratibu, nikitazama ukuta, dirisha, kabati, mlango, ukuta. Halafu nikafungua akaunti ya benki. Nikaifunga. Nikaifungua tena, labda niliona vibaya.

Sikuona vibaya.

Jumatano, 19 Februari

Mambo mawili yamenijia kichwani leo, yote mabaya.

La kwanza: mishahara ni Ijumaa ya wiki ijayo, na iliyobaki benki haitoshi hata kulipa stoo peke yake. Hakuna pesa inayoingia. Na kwa nini iingie? Nimewakataza watu wasidai!

La pili limenijia nikinywa chai, nikaungua ulimi. Zile ankara zote za Desemba nilizozisogeza, zote, zinaangukia siku moja. Tarehe mosi Machi. Siku hiyo ukurasa utageuka mwekundu kwa mpigo, juu hadi chini, kama mtu aliyepigwa kofi.

Mama wa usafi alinikuta nimeegemeza paji la uso kwenye dirisha. Akaniuliza kama naumwa. Nikasema nafikiri. Akasema basi pole, akafuta alama ya uso wangu kwenye kioo.

Kwenda kumwambia Mkurugenzi? Niliinuka kabisa. Nikafika mlangoni kwake. Nikamsikia anaongea na simu, anamwambia dada yake kwamba hatimaye amepata mtu wa kumwamini. Nikarudi kwenye kiti.

Shemeji kaniuliza usiku kama mshahara utawahi, maana mwenye nyumba wake mpya hataki hadithi. Nikamwambia utawahi. Nimesema hivyo nikitazama sahani.

Ijumaa, 21 Februari

Nimepata ufumbuzi! Ni rahisi kiasi kwamba naona haya sikuuona mapema.

Ikiwa kusogeza tarehe mbele kunamfanya mteja awe mwema, basi kuirudisha nyuma kutamfanya alipe. Programu ina kitu kingine kizuri, ujumbe wa kukumbusha. Ankara ikichelewa, yenyewe inampelekea mteja ujumbe kwenye simu. Mtu hapigi simu, haulizi habari za mgongo wa yeyote. Ujumbe wenyewe uko wa aina tatu: wa upole, wa msimamo, na wa mwisho. Nimechagua wa mwisho. Muda hauturuhusu.

Nikaichukua ile hoteli. Masharti: kulipa papo hapo, siku sifuri. Yaani siku ya ankara ndiyo siku ya mwisho. Mstari ukawaka mwekundu. Vizuri! Nikabonyeza tuma.

Mashine ikafikiri. Ikafikiri sana. Kwa ukumbusho wa hoteli moja, mbona inahangaika hivi?

Nikatazama chini. Kile kijisanduku. Bado kilikuwa na alama niliyoiweka mwenyewe wiki iliyopita. Kwa wateja wote.

Nilichomoa waya wa umeme ukutani. Nikachomoa na wa printa, kwa usalama zaidi. Ulikuwa umeshachelewa. Simu ya mezani ilianza kulia kabla sijanyanyuka sakafuni.

Sikupokea. Nimetoka kupitia stoo, nikamwambia shemeji naumwa. Hilo angalau si uongo.

Jumatatu, 24 Februari

Siku ya kusahau.

Kila mteja wetu alipata ujumbe huu: Ankara yako imepitiliza muda. Usipolipa leo, huduma zitasitishwa na hatua za kisheria zitachukuliwa. Kila mteja! Hata shule iliyolipa kabla ya kuchukua mzigo, sijui programu iliitafutia kosa gani. Hata mama mkwe wa Mkurugenzi, aliyenunua bomba moja la jikoni mwezi huu na kuambiwa na Mkurugenzi mwenyewe alipe atakapojisikia.

Saa tatu lori likasimama getini. Akashuka mkandarasi. Huyu ni mteja wetu mkubwa kuliko wote, mtu wa mabega mapana na sauti ndogo. Akawapa ishara vijana wake, wakaanza kushusha vyoo. Vyoo vyetu, vya kukaa, vipya, vingine bado na karatasi. Wakavipanga barabarani mbele ya geti, safu baada ya safu, kama vinangoja kikao kianze. Wapita njia wakasimama. Mmoja akajaribu kukaa.

Mkurugenzi akatoka mbio, na viatu vyake leo vililia.

Mkandarasi akamwonyesha simu. "Mama, hii imeingia Ijumaa nikiwa nimeketi na watu wa benki. Simu iko mezani, katikati yetu. Wanataka kunikopesha pesa ya ghorofa mbili. Wakasoma kabla yangu."

"Hii haijatoka kwangu," Mkurugenzi akasema.

"Jina lako hili hapa."

"Naliona. Lakini sijui lolote."

"Mkataba wetu unasema siku sitini. Nimewahi kuchelewa? Tangu unauzia kwenye kibanda, mimi na wewe, nimewahi?"

"Hujawahi."

"Basi chukua vyoo vyako. Nitanunua kwa mtu anayejua kuhesabu."

Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wa kioo. Mkurugenzi akageuka, akanitafuta kwa macho. Nikajifanya nasoma tangazo la vizima moto. Nimelisoma lote. Ninaweza kulisema kwa kichwa.

Jumanne, 25 Februari

Niliamka na mpango. Kosa ni la programu! Mitambo huharibika, kila mtu anajua hilo. Nikamweleza Mkurugenzi hivyo, kwa masikitiko, kwamba hata mimi nimesikitishwa na ubora wa bidhaa hii. Peni Tatu alikuwepo, kasimama dirishani na orodha ya wateja, macho mekundu. Inaonekana tangu jana anapiga simu za kuomba radhi.

Mkurugenzi akasema vizuri sana, tuwapigie wenyewe, tena kwa spika, wote tusikie.

Sikuwa nimelitegemea hilo.

Akapokea yule dada wa sauti ya kubembeleza. Mkurugenzi akamweleza yote kwa utaratibu. Dada akasema pole sana, mama, lakini programu haibadilishi masharti yenyewe, inakokotoa tarehe kwa masharti iliyopewa na mtu. Mimi nikaingilia kati. Nikasema kwa sauti nzito, si kweli, mfumo wenu una hitilafu.

Spika ikakwaruza.

"Kaka," dada akasema, "si wewe uliyenipigia juzi juzi ukauliza nyekundu inaondokaje bila watu kulipa?"

Nikasema amenifananisha.

"Sauti ni hii hii. Nami nikakwambia masharti yawe ya makubaliano. Ukasema bila shaka, mara mbili."

Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani. Peni Tatu alitazama nje, kwenye vyoo. Nadhani alifanya hivyo kunisitiri, nami kwa hilo nimemchukia zaidi.

Mkurugenzi alikata simu. Nilijiandaa kwa makelele. Hakupiga makelele. Alikaa, akavua miwani, akafuta macho kwa kidole.

"Ulinionyesha ukurasa mweupe nikauamini," akasema. "Nimelipa mzigo kwa pesa isiyokuwepo. Ijumaa watu watakuja dirishani na watoto wao wanataka kula. Niwaambie nini? Au utawaambia wewe?"

Nikainama kuokota kalamu ambayo sikuwa nimeiangusha.

Ijumaa, 28 Februari

Mishahara imetoka. Nusu.

Hiyo nusu yenyewe ni kazi ya Peni Tatu. Jumatano alikwenda kwa mkandarasi kwa miguu yake, akakaa kwenye ngazi za jengo lake tangu asubuhi mpaka mchana, mpaka bwana yule akaona haya kumpita tena. Wakaongea. Sijui walisema nini, Peni Tatu hasimulii. Mkandarasi amekubali kurudishiwa vyoo, na amelipa sehemu ya deni kabla ya muda wake, kwa hisani. Wateja wengine wachache pia wamelipa. Wawili walilipa kwa kuuogopa ule ujumbe wangu, jambo ambalo nilijaribu kulitaja kikaoni. Hakuna aliyelipokea.

Mkurugenzi aliniamuru nikae dirishani nigawe bahasha mwenyewe. Nadhani hii ndiyo ilikuwa adhabu. Kila mtu alipofungua alinitazama. Mama wa usafi alihesabu zake, akahesabu tena, kama labda noti zimegandana. Kisha akaikunja bahasha ndogo, ndogo zaidi, akaitia kifuani. Nilitaka kumwambia kitu. Foleni ikasogea.

Kaimu ni Peni Tatu. Alinipa mkono mbele ya wote, akasema tutasaidiana. Nilimchunguza usoni nikitafuta kejeli. Sikuiona. Inaumiza sana, mtu akikunyima hata kejeli.

Ufunguo nimerudisha. Siku mbili hizi nimeingiza upya masharti ya kila mteja, mmoja mmoja, mkataba ukiwa mezani, Peni Tatu akihakiki kwa ile peni nyekundu. Siku thelathini kwa huyu, sitini kwa yule. Nyekundu imerudi yote mahali pake. Sasa inapungua polepole, kwa njia ya kuchosha, watu wakilipa.

Nyumbani ni matanga. Shemeji hahami, nusu mshahara haitoshi kodi. Na amevunjika mgongo kwa kuingiza vyoo stoo Jumanne na kuvitoa tena Alhamisi, kwa hiyo amelala kwenye kochi na kitambaa cha moto, anagumia, na mimi ndiye ninayekichovya hicho kitambaa. Mke wangu anaongea nami kupitia kwake. Mwambie shemeji yako apitishe chumvi. Tumeketi meza moja!

Nilimwapia mke wangu kwamba nimekoma. Nimekoma kabisa. Akasema, kumwambia kaka yake, kwamba tutaona.

Jumatatu, 3 Machi

Nimehamishiwa upande wa wasambazaji, yaani wale tunaowadai sisi mzigo na wao wanatudai pesa. Meza yangu iko ukumbi wa maonyesho, kati ya bafu la kona na safu ya mabomba. Mkurugenzi amesema huku siwezi kumtukana mteja yeyote. Kazi yangu ni kuingiza ankara zao tu, tarehe na masharti, nisiguse kingine. Nikasema nimeelewa. Nilielewa kweli.

Asubuhi nzima nimeingiza ankara kwa uaminifu mkubwa. Peni Tatu akapita, akatazama, akaridhika, akaenda benki.

Sasa, saa nane hivi, nikagundua jambo ambalo nadhani hakuna mwingine katika jengo hili analijua. Upande huu wa wasambazaji kuna masharti ya aina nyingine kabisa: punguzo kwa anayelipa mapema. Ukilipa ndani ya siku kumi, unakatiwa sehemu kidogo ya ankara, na programu inaikata yenyewe kabla pesa haijatoka. Unalipa pungufu, kihalali, kwa mashine!

Kweli, hakuna msambazaji aliyetupa punguzo hilo. Lakini hakuna aliyelikataa pia. Nani amewahi kuwauliza? Wenye vigae hawahesabu senti zao, ni watu wakubwa. Wenye mabomba wako mbali. Na ni kidogo tu kwa kila mmoja, kidogo kidogo, mpaka mwisho wa mwezi tunafidia ile nusu ya mishahara yote! Mkurugenzi atalia kwa furaha. Atauliza ni nani. Nitanyamaza kwanza, kwa unyenyekevu, halafu nitainua mkono.

Safari hii sikukurupuka. Nimefikiri karibu robo saa nzima. Kisha nimeweka punguzo kwa wenye vigae (mzigo wao mpya umeshafika), kwa wenye mabomba, na kwa yule mwenye masinki ya kioo, na nimeacha malipo yatoke kesho asubuhi.

Nimempigia mke wangu aanze kuulizia bei ya friji. Amekata simu. Mtandao wa siku hizi, hovyo kabisa.